Mshipa wa Nne kwenye Ini Lako

Papa mpendwa,

Kichwa kigumu nilikirithi kwako, basi usishangae kwamba nimengoja mpaka huwezi tena kunijibu ndipo nikuandikie.

Unakumbuka miaka ile ya Likasi, usine, kile kiwanda chenu, imenyamaza na hospitali imeishiwa kila kitu. Katika chumba changu cha ekografia, cha kupiga picha za ndani ya tumbo, mashine ilikuwa nzima, lakini karatasi ya kutolea picha hakuna. Tulichora kwa kalamu nyuma ya fomu za zamani. Na kwa kuwa umeme ulikatika wakati wowote, nikajiona mjanja: kila asubuhi nilichora maini kumi mapema, kila moja na mishipa yake mitatu mikubwa kama tulivyofundishwa. Mgonjwa akija, naongeza uvimbe tu.

Kisha ukaja wewe, na uvimbe upande wa kulia wa ini. Docteur angekupasua kesho yake, akiwa na chupa mbili tu za damu, yangu na ya Mama.

Nilipopitisha kifaa tumboni mwako niliona mshipa wa nne. Mnene, uko chini, unaingia moja kwa moja kwenye mshipa mkuu, pale pale kisu kingepita. Mara umeme ukakatika. Nikajiambia ni kivuli. Nikachukua karatasi yangu ya mishipa mitatu, nikachora uvimbe, nikaipeleka.

Asubuhi, wakikusukuma kwenda kupasuliwa, ulinishika mkono.

"Mutoto yangu, weye uko na woga. Uliona nini?"

"Hapana kitu, papa."

"Minye nilifunga mabomba ya usine maisha yangu yote. Bomba yenye haiko kwa plan, ni ile inaua bantu. Sema!"

Nilikuchukia dakika ile. Nikakimbia kwa docteur, ameshanawa mikono, nikamwambia karatasi yangu ni ya uongo, kwamba kuna mshipa wa nne.

"Uko na hakika ya huo wa ine?"

"Hapana, docteur. Niliona mara moja tu."

Akanitazama, akaingia, akafunga mlango. Nilikaa chini kwenye korido nikisali rozari bila kujua nimefika wapi.

Mshipa ulikuwepo. Aliutafuta, akaufunga kwa uzi kabla ya kukata. Chupa ya pili haikuguswa.

Nilikuja kitandani kwako nikitegemea shukrani, sikufichi. Lakini docteur alikuwa amekueleza yote. Midomo yako ilikuwa imekauka.

"Na bagonjwa benye balikuja mbele yangu? Ulibapa karatasi ya vile bantu ngapi?"

Nililowesha pamba nikakupangusa midomo. Ukageukia ukuta. Uliishi miaka mingi baada ya hapo, tukala pamoja, tukacheka, na hukuniuliza tena. Hilo ndilo lililonichoma. Tangu siku ile sichori kitu ambacho sijakiona, na vijana ninaowafundisha wananiita mkali.

Nakupenda, na hasira nawe bado ninayo. Pumzika, papa. Jibu lako ni hili: wengi. Idadi siijui, kwa sababu nilikuwa siangalii.

Binti yako