Nimempongeza Mama Mkwe

Shoga, uko wapi? Nimejiaibisha, sina pa kuficha uso.

Mama mkwe alikuwa hapa jikoni anaongea. Unajua miaka sita sasa hatujakubaliana hata jinsi ya kukunja shuka. Basi mimi, mkwe bora duniani, naitikia "ehe, ehe" huku macho yangu yako kwenye simu.

Akasema, "Daktari kasema jicho la kushoto halitaona tena."

Nikajibu, "Hongera, mama!"

HONGERA! Na tabasamu juu!

Akasema, "Asante. Wewe ndiye wa kwanza kunipongeza."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikazima simu, nikavuta kiti. "Nisamehe mama. Anza upya, nakusikiliza."

Akaongea saa nzima. Kumbe anaogopa la kulia nalo litafuata, na mume wangu hajui lolote. Kaambiwa nani? Mimi, bingwa wa kusikiliza!

Sikutoa ushauri hata mmoja, yaani mimi! Nilimshika mkono tu, akalia, nikalia.

Kesho tunaenda kliniki wote wawili.

Alipoinuka akaniambia watoto nawalea vibaya. Hilo nalo nikalisikiliza mpaka mwisho.