Vyuma Vilivyotekwa Msibani

Kaka Rajabu,

Barua zetu zote huanza kwa kusema mimi sijambo, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali. Leo siwezi kuanza hivyo. Wewe huna tena cha kuhofiwa, na mashaka yote umeniachia mimi. Ulikuwa ukiniita Kachero, kwa kuwa nilikuwa nachungulia hata masufuria nijue nani kala nyama. Basi Kachero wako amefanya kazi, na habari ninazo.

Nianze na msiba wako, maana hukuuona. Maganga, mchomeleaji wako wa Korogwe, alifika Handeni kabla ya baadhi ya ndugu zetu. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, sikufundishi wewe uliyekuwa ukimwita mtumwa wa babu yako kila mlipokutana. Akavaa kofia yako, akatembea ule mwendo wako wa kutupa bega, watu wakacheka huku wanalia. Kisha akasimama katikati ya ua, akapaza sauti: "Mnalia nini? Nimemwua mimi! Nilimchomelea pikipiki yake kwa bati la kopo la samli!" Watu wakazidi kucheka. Mimi sikucheka.

Sikucheka kwa sababu juma lile lile ulikuwa umetoka kwake. Ile pikipiki uliyoinunua kwa padri aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, yenye kioo cha upepo na kava pana la kukinga kifua na magoti, kava lake lilishikwa na vyuma viwili tu, kimoja kulia na kimoja kushoto. Kimoja kilikatika, ukampelekea Maganga. Haikupita muda, umeshaiacha Segera unarudi nyumbani, kava zima likaangukia usukani, usukani ukakwama, ukaingia korongoni. Sasa aliyechomelea anasimama mbele ya mama yetu anasema nimemwua mimi, na watu wanacheka.

Halafu akaviteka vile vyuma. Alikwenda pale ilipolazwa pikipiki nyuma ya nyumba, akavifungua vipande vilivyobaki kwenye kava, akavitia guniani. "Hivi mateka yangu. Mkivitaka, mje Korogwe na jogoo." Ndiyo desturi, mtani huteka kitu cha msiba mpaka akombolewe. Lakini Kaka, palikuwa na viatu vyako, palikuwa na redio, palikuwa na birika. Kwa nini vyuma?

Shangazi Mwanaidi alininong'oneza jikoni: "Mwizi akijificha gizani atatafutwa. Akijificha kwenye kicheko, nani atamtafuta?" Maneno hayo yalinikaa. Nilimshuku kila mtu kwa wiki kadhaa. Niliwashuku watu wa kijiji kipya waliohamishwa bila kupenda, waliokuona wewe bwana shamba kuwa ndiye serikali yenyewe. Nilimshuku hata jirani aliyekuja kuulizia bei ya pikipiki kabla udongo wa kaburi haujakauka. Ila kila nikizunguka, narudi palepale kwa Maganga na gunia lake.

Mama yeye hakuzunguka. Alisema ikifika arobaini Maganga asikanyage uani kwake, na ikiisha atamsomea halbadiri, ile dua ya kumwapiza mkosaji. Unajua halbadiri ikisomwa kwa asiye na hatia humrudia nani. Nikamwomba anipe muda.

Basi nikapanda lori la ushirika hadi Korogwe, pikipiki nyuma, jogoo mapajani. Ni yule mwekundu aliyekuwa akiwika dirishani kwako ukamtupia kandambili. Maganga alimpokea pale karakana yake nyuma ya stesheni, akamwangalia juu chini. "Wazigua bwana, mnamkomboa ndugu yenu kwa kuku mgonjwa!" Sikucheka. Nikamwambia alete vyuma.

Akavitoa kwenye gunia lile lile. Hakuwa amevifuta hata vumbi, na hilo lilinishangaza, maana mwenye kuficha husafisha. Sikumwachia avishike. Nikaviweka mwenyewe kimoja kimoja kwenye vishina vyake vilivyobaki kwenye pikipiki, kama mtu anayeunganisha chungu kilichovunjika. Cha kulia kilikuwa kile alichokichomelea. Kilikuwa kimepinda na kung'oka kwenye parafujo, lakini mahali alipochomelea palikuwa pazima. Kilichokatika kilikuwa cha kushoto, ambacho moto wake haukukigusa. Na pale kilipokatika, nusu palikuwa peusi kwa kutu na vumbi la zamani, nusu pang'avu. Hata mimi mwalimu wa kuwafundisha wazee a, e, i, o, u nilielewa kwamba ufa ule ulikuwamo siku nyingi.

"Hiki cha kushoto hukukiona?" nikamwuliza.

Akachezea miwani yake ya kuchomelea. "Nilikiona. Nikamwambia aniachie pikipiki hadi kesho yake nikifungue. Akaniambia mvua haimngoji Mnyamwezi."

Kaka, maneno hayo ni yako. Mtu hawezi kuyatunga. Ulikuwa na mbegu za watu wa kijiji kipya, bado wanalala kwenye vibanda vya nyasi, na mawingu yameshapanda. Nilikasirika pale, na hasira yenyewe haikuwa ya Maganga. Ilikuwa yako.

Nikamwuliza mbona hakusema siku ile. Akasema, "Niseme mbele ya mama yake kwamba mtoto kaponzwa na haraka zake? Heri niseme nimemwua mimi. Na vyuma nikiviacha, fundi mwingine akiviona si atasema ufa ulikuwamo siku nyingi?"

Hata hivyo nilimsimamia alipofanya kazi, maana shaka haifi siku moja. Alivinyoosha vyuma vyote viwili, akapiga tupa kwenye mvunjiko, akachomelea, kisha kila kimoja akakiimarisha kwa bamba nene la trekta bovu la shamba la mkonge. Kati ya chuma na kava akaweka vipande vya mpira wa tairi, mtikisiko wa njia uishie humo. Alipomaliza kulifunga kava, akaning'inia juu yake kwa uzito wake wote. Hakikutikisika kitu. Nikamwambia aning'inie tena. Akaning'inia tena.

Mama nilimwambia tu, "Si yeye. Nimehakikisha." Akanitazama sana, si unajua ukachero nimeurithi kwa nani. "Basi ni nani?" Nikasema ni njia. Hakuuliza tena, na ule ubani wa halbadiri akaurudisha kabatini.

Siku ya arobaini Maganga alisimama nje, hajui aingie au arudi. Mama akainuka mwenyewe hadi mlangoni. "Umekuja kula ubwabwa wa uliyemwua?" Maganga akaanza kucheka, kicheko hakikufika mwisho, akakaa pale kizingitini akalia kama mtoto. Mtani halii msibani, lakini siku ile alilia, na Mama alikaa pembeni yake.

Lala salama, Kaka. Pikipiki naiendesha mimi, suruali yako chini ya kanga yangu, na Handeni nzima inanisema. Nakuahidi kwamba fundi akiniambia niiache hadi kesho, nitaiacha, mvua na inyeshe. Na nakuahidi jambo moja zaidi. Maganga akitangulia kabla yangu, nitafika msibani kwake kabla ya ndugu zake. Nitavaa ile miwani yake ya kuchomelea, nitasimama katikati ya ua, na nitapaza sauti kwamba nimemwua mimi.

Ni mimi dada yako,
Zaina Kachero