Meza ya Plasma na Mkono Wangu wa Kulia

Jumanne, 6 Mei

Nimemwaga maji ya kompresa, ile pampu ya hewa, tena asubuhi. Karibu kikombe kizima. Hewa ya Kakamega msimu huu ni maji matupu, na mashine haitaki hewa yenye maji. Nikafuta meza, nikawasha kompyuta, nikabonyeza. Ikakata sentimita kumi ikasimama. Nikaanza upya. Ikasimama palepale.

Wiki ya tano tangu ifike. Meza ya plasma. Unachora kwenye kompyuta, kisha moto unafuata mchoro na kukata bamba la chuma wenyewe, bila mkono wa mtu. Ndivyo video ilivyoonyesha. Ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote nilizoziona. Nusu ya pesa ni akiba ya Selina, mke wangu. Hajaniuliza kitu mpaka leo. Hilo ndilo linaloniumiza.

Mvua saa nane. Nimefunga mapema.

Alhamisi, 8 Mei

Mwalimu mkuu wa shule ya wasichana kule Kabras amepiga simu. Anataka kujua geti limefika wapi. Nimemwambia linaendelea vizuri.

Uongo. Kuna fremu tu, imeegemea ukuta nje, inanyeshewa. Bado nembo ya shule, kitabu kati ya miwa miwili, na maneno ya chini yake: SOMA UTUMIKIE WATU. Herufi kumi na sita. Zote zikatwe kwenye bamba, mwanga upite. Siku ya wazazi ni Ijumaa tarehe sita Juni. Geti ndilo litakalofunguliwa na mgeni wa heshima.

Nilikubali kazi hii siku mashine ilipoletwa. Kichwa kilikuwa kimevimba siku hiyo.

Jumamosi, 10 Mei

Niandike hapa, maana sijamwambia mtu.

Mkono wangu wa kulia unatetemeka. Ukilala kwenye paja, hakuna kitu. Ukishika kitu, iwe kikombe, kalamu au tochi ya kukatia chuma, unaanza. Huu ni mwaka wa pili. Chai naimimina nusu, nainywa kwa mikono miwili. Kanisani nashika kitabu cha nyimbo kwa mkono wa kushoto. Hata hapa naandika herufi kubwa kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Fundi wa mageti miaka ishirini na sita, na siwezi kukata mstari ulionyooka. Ndiyo sababu nilinunua mashine. Watu niliwaambia ni maendeleo.

Jumapili, 11 Mei

Kanisani. Mchungaji, aliyekuja mwenyewe kuiombea mashine ilipofika, amenitaja mbele ya watu kama mfano wa kuthubutu. Wakapiga makofi. Nikasimama, nikapunga mkono. Wa kushoto.

Wawili wamenifuata nje kuuliza kama wanaweza kuja kuiona ikifanya kazi. Nimesema wiki ijayo.

Jumatano, 14 Mei

Ujumbe kwa muuzaji wa Nairobi, wa tisa. Mwanzoni alikuwa anajibu kabla sijaweka simu chini. Sasa anasoma, kimya. Kitabu cha maelezo kina Kichina kurasa arobaini na picha moja inayoeleweka, ya mtu aliyevaa miwani.

Leo amejibu. Maneno matano. "Angalia waya wa kwenda ardhini." Basi.

Nimemkumbuka Ambani siku nzima. Miaka kumi na miwili tulifanya kazi kwenye kibanda kimoja hapa Shirere, mimi mwenye kazi, yeye fundi mwenzangu. Nilimwachisha kazi mwezi wa tatu, kabla mashine haijafika. Nikampa mitungi ya gesi na tochi yetu ya kukatia, kama asante. Nilijiona mwema. Sasa yuko Matete na kazi yake mwenyewe, na mimi hapa sina hata kitu cha kukatia kwa mkono.

Lakini si mitungi inayonisumbua. Ni nilichosema. Mteja mmoja aliniuliza kwa nini namwacha Ambani. Ambani alikuwa amesimama pale. Nikacheka, nikasema mashine haichoki na haiombi ruhusa ya kwenda matangani. Alikuwa amemzika mama yake wiki tatu kabla.

Ijumaa, 16 Mei

Nimepima mlango. Mashine haitoki.

Tuliiingiza kabla ya kujenga ukuta wa mbele, halafu nikajenga. Matofali, simenti, dirisha. Sasa imejaa chumba chote. Napita ubavuni kwa upande, tumbo likisugua chuma. Kulehemu nalehemu nje, mvua ikija naacha. Hata nikipata mtu wa kuinunua, nibomoe ukuta kwanza.

Nimekaa kwenye kiti katika kona iliyobaki. Kona inatosha kiti tu. Nimekaa pale mpaka mvua ikaisha.

Jumatatu, 19 Mei

Habari njema. Fundi wa stima amekuja kutoka Lurambi. Mama mtu mzima, hana maneno mengi. Amezunguka mashine mara mbili akauliza nani aliunganisha. Nikasema mimi.

Amezika fimbo ya shaba nyuma ya nyumba, urefu wa mtu, akaunga waya mnene mpaka kwenye meza. Akatenganisha nyaya za kompyuta na za moto. Akaniambia moto wa plasma ukiwaka unaruka kwenye nyaya nyingine na kuichanganya kompyuta. Kumbe ndiyo maana ilikuwa inasimama.

Tukawasha. Imekata mraba mzima bila kusimama. Nilitaka kumkumbatia yule mama. Nikampa mkono, akaushika, akauangalia. Nikauondoa.

Jumatano, 21 Mei

Nimeweka bamba la shule. Nembo na herufi zote. Dakika ishirini na mbili, haikusimama hata mara moja. Nilisimama kando nikitabasamu peke yangu kama mwendawazimu.

Moshi ulipotulia nikainua bamba.

Miwa imepinda. S ya SOMA inayumba. O ina nundu. Upande wa mlangoni mistari iko sawa, lakini kadiri inavyokwenda ndani ndivyo inavyotetemeka. Ni mistari yangu. Ingekuwa mkono wangu umekata, ingetoka hivi hivi.

Nimeketi chini.

Alhamisi, 22 Mei

Nimepima kwa uzi. Reli inayobeba tochi imepinda katikati. Ni nyembamba, unaweza kuisukuma kwa kidole. Nimemtumia muuzaji picha. Anasema imepindia njiani, wao hawahusiki, reli mpya niagize. Miezi mitatu mpaka ifike. Siku ya wazazi iko wiki mbili mbele.

Selina amekuja kazini mchana na chakula, obusuma, ugali wetu, na mboga. Hajawahi kuja mchana siku ya shule. Yeye ni mwalimu. Ameliona bamba. Amepitisha kidole kwenye ile S taratibu.

"Baba Mercy," akasema, "hii ni mashine au ni wewe?"

Nikasema ni mashine. Kweli ilikuwa mashine. Lakini aliuliza jambo jingine na mimi nikajifanya sikusikia. Akafunga vyombo akaondoka. Nimejichukia.

Ijumaa, 23 Mei

Sikuenda kazini. Nimesema nina malaria.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda Matete.

Njia nzima nilikuwa natunga maneno. Nimemkuta Ambani chini ya mabati karibu na kinu cha kusaga mahindi, anakata bamba la trela kwa ile tochi yetu. Hakuzima. Alimaliza mstari wake kwanza. Ulikuwa umenyooka kama uzi uliovutwa. Nilisimama nikautazama nikahisi wivu, wivu mbaya.

Akavua miwani. Akaniletea kigoda. Akauliza habari za Mama Mercy na za kanisa. Hakuuliza habari za mashine.

Yale maneno ya njiani yote yalipotea. Nikanyoosha mkono mbele yake, nikashika nyundo yake, nikaiacha itetemeke. Nikasema, "Tazama. Ndiyo sababu nilinunua ile kitu. Si kwamba wewe ulikuwa umechoka."

Hakushtuka. Akasema, "Hiyo nilikuwa najuanga, Musonye."

"Ulijuaje?"

"Wewe ulikuwa unakatanga, ukienda kunywa chai mimi narudia na grinda. Nanyoosha. Miaka miwili hiyo. Ulifikiri mageti yalikuwa yanajinyoosha?"

Nikauliza kwa nini hakuniambia.

"Ningesema nini? Mkono ni wako. Nilikuwa nangoja useme."

Miaka miwili. Wateja walikuwa wanasifu kazi yangu, nami nilikuwa naitikia.

Nikamwambia habari ya matanga, yale niliyosema mbele ya mteja. Nikamwomba msamaha. Hapo ndipo alipogeuza uso. Akachukua brashi ya waya akaanza kusugua bamba lililokuwa safi tayari. Akasema mama yake alikuwa ananipenda, alikuwa ananiombea kwa jina. Akasema lile neno alilipeleka nyumbani, halikumtoka moyoni. Kisha akasema, "Nimesikia." Hakusema amenisamehe. Sikumlazimisha.

Nimemwambia kuhusu geti na tarehe. Nimemwomba arudi kazini. Amekataa. Ana kazi zake, wateja wameshamjua Matete, harudi kuwa fundi wa mtu. Lakini bamba nilete, atakata.

Jumatatu, 26 Mei

Mashine imenifunza kuchora angalau. Nimepeleka mchoro mjini kwa watu wanaochapa mabango, wakautoa kwenye karatasi kubwa, saizi yenyewe ya geti. Kipanya cha kompyuta hakijali mkono ukitetemeka. Ukikosea unarudisha.

Jumatano, 28 Mei

Matete siku nzima. Tumebandika karatasi kwenye bamba jipya. Nilitaka kupiga alama za msumari mwenyewe kufuata mchoro. Alama ya tatu ikaenda kombo. Ambani akachukua nyundo mkononi mwangu bila neno, kama unavyomwondolea mzee mzigo. Iliuma. Nikamwacha.

Alikata, mimi nikashika bamba na kumwaga maji. Miaka kumi na miwili yeye ndiye aliyekuwa anashika. Herufi kumi na sita kwa saa tano. Kwenye S alipumua mara moja tu, mwanzoni.

Mchana mke wake alituletea ingokho, yaani kuku, na obusuma. Nilikula kwa mikono miwili mbele yao. Mtoto wao mdogo alinikodolea macho, Ambani akamwambia ale.

Ijumaa, 6 Juni

Geti limefunguliwa. Mgeni wa heshima alikuwa na haraka, hakuliangalia. Wasichana ndio walioliangalia. Jua lilikuwa nyuma, maneno yakaanguka chini kwenye njia, na mmoja akawa anayakanyaga moja moja akiyasoma.

Mwalimu mkuu akaniita mbele, akawaambia wazazi nembo ile imekatwa na mashine ya kisasa ya kompyuta, ya kwanza Kakamega. Makofi. Akanipa kipaza sauti.

Ningeweza kusema asante nikakaa. Nikasema imekatwa na Ambani wa Matete, kwa mkono. Nikasema mashine ninayo lakini imepinda, na mimi mkono wangu unatetemeka. Nilikuwa nimekishika kile kipaza sauti kwa mkono wa kulia, wakaona.

Mwalimu mkuu akapokea kipaza sauti akamtaja anayefuata. Nilirudi kwenye kiti changu. Baba mmoja kando yangu alisogea kidogo, sijui kunipisha au kuniepuka. Selina alikuwa nyuma, amekuja na walimu wenzake. Sikuthubutu kugeuka.

Jumatatu, 9 Juni

Wateja wawili wameahirisha. Wamesema kwa adabu.

Mashine bado iko ndani, ukuta bado uko. Upande wa mlangoni, pale reli iliponyooka, nimekata vipande vidogo vya bawaba. Eneo lenyewe ni mraba wa mikono miwili hivi. Vimetoka safi. Basi meza nzima ile, kazi yake ni kona moja. Asubuhi tu, kabla ya mvua.

Ambani amepiga simu. Anataka bawaba arobaini za aina hiyo. Sikuuliza kama ni kazi au ni huruma. Nimeanza.

Jumanne, 17 Juni

Hospitali. Selina aliomba ruhusa shuleni akaja nami. Hakuniuliza kama nataka. Alikuwa ameshapanga.

Foleni ndefu. Watu wa Lugari, wa Malava, kila mtu na faili yake. Aliniambia alianza kuuona mkono Krismasi ya mwaka juzi, na kwamba kuna siku alimwona Ambani anasugua geti nimekwenda kunywa chai, akaelewa. Wote wawili walijua. Hawakuwahi kuambiana.

Daktari ni mwanamke mdogo kuliko binti yetu Mercy. Akanipa karatasi, akaniambia nichore mviringo unaozunguka kutoka katikati kwenda nje. Nikachora. Akautazama kwa muda, akauweka kwenye faili. Akasema ugonjwa huu hautaniua, utanisumbua. Kuna vidonge vya kujaribu. Huenda visaidie, huenda visisaidie. Nirudi baada ya mwezi.

Halafu akaanza kujaza fomu. Jina. Umri. Kijiji. Akauliza kazi.

Nikautazama mkono wangu, umelala pajani. Yeye akangoja, kalamu hewani.

"Fundi wa mageti," Selina akasema. "Andika hivyo."

Daktari akaandika.