Kile Kipicha cha Juu Kulia

Jumatano, saa kumi na mbili jioni. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni kwangu na sioni hata genge la nyanya lililo ng'ambo ya barabara. Siku nyingine ningeufurahia, ningejifunga khanga ya pili na kuchemsha chai. Leo hata jiko sijawasha.

Ninaogopa. Nalisema mapema ili nisije nikalizunguka mpaka mwisho wa ukurasa.

Kwa asiyenijua, nina kaduka ka kuchapa barua na kutoa fotokopi hapa Lushoto mjini. Baba alipopunguzwa kazi kwenye chai, alichukua sehemu ya kiinua mgongo chake akaninunulia kompyuta ya mtumba kutoka Dar. Wateja wangu wengi wanatoka vijijini. Wanashuka asubuhi na gari, na gari hilohilo linaondoka adhuhuri. Mtu akilikosa, analala mjini. Kwa hiyo kazi yangu kubwa si kuchapa, ni kuipata barua ya mtu upesi kabla dereva hajapiga honi, na kabla umeme haujakatika.

Ndiyo maana niliupanga uso wa kompyuta yangu. Zamani kila barua ilikuwa imefukiwa ndani ya folda, na folda ndani ya folda nyingine. Nikajifunza kutengeneza njia za mkato, vile vipicha vyenye kamshale pembeni. Unabofya mara mbili na barua inafunguka. Nikavipanga kama milima yetu ilivyokaa. Lushoto katikati. Watu wa Mlola juu kulia. Mponde chini kulia. Mazinde chini kabisa kushoto, kule kwenye joto. Wateja walipenda sana. Hata asiyejua kusoma alijua barua yake inakaa wapi. Mtu anaingia, anaamkia, halafu ananyoosha kidole kwenye kioo: ile pale, binti, chini ya ile ya shemeji yangu.

Nilijivuna. Nakiri.

Juu kulia kabisa kilikaa kipicha cha mzee mmoja wa Mlola. Nitamwita Mzee Shemweta, ingawa si jina lake. Alikuja mara tatu kabla ya mvua za masika, akakaa kwenye kigoda changu akinisomea kutoka kichwani mgawo wa shamba lake. Ana wake wawili. Mke mkubwa ana wana wa kiume watu wazima. Mke mdogo, Bi Halima, ana mabinti tu, na mzee alijua akifumba macho mabinti hao watafukuzwa. Kwa hiyo aliutaja mpaka wote, sale kwa sale. Masale ni yale majani tunayopanda mpakani. Huku kwetu mtu aking'oa sale, amechokoza ukoo mzima. Alitaja mti wa mshai, akataja mfereji, akataja jiwe analokalia akichoka.

Tulipomaliza nilitaka kumchapia nakala. Akakataa.

"Karatasi isiyo na dole huzaa maneno, mwanangu. Iache humo ndani mpaka nije na mashahidi."

Ikabaki humo ndani. Wiki mbili baadaye mzee akapigwa na kiharusi. Upande wa kulia umelala, na sauti haitoki tena.

Mwezi uliopita nikapata kompyuta mpya. Fundi mmoja wa Tanga aliniletea, akachukua ile ya zamani kama sehemu ya malipo. Kabla hajaichukua nilihamisha kazi za wateja kwenye diski. Nilifanya haraka, umeme ulikuwa ukiyumba. Nikavizoa vipicha vyote vya Mlola, vya Mponde na vya Mazinde, nikavimwaga kwenye diski moja. Vyote vikaenea, na nafasi ikabaki tele. Nikamsifu fundi kwa diski nzuri.

Sikujiuliza inakuwaje kazi ya miaka minne ienee kwenye diski moja.

Nikavipanga upya kwenye kompyuta mpya, kila kijiji mahali pake. Sikufungua hata kimoja. Na Alhamisi iliyopita, siku ya gulio, Bi Halima aliingia dukani na kapu lake la karoti.

"Onga mshi, mwanangu," alinisalimu kwa Kisambaa, nami nikamwamkia shikamoo. Akaniambia wazee wa ukoo na mtendaji wa kijiji wamekubali kumleta mzee Alhamisi hii, yaani kesho. Hati itasomwa, naye ataweka dole mbele yao. Nikamuuliza mzee ataitikiaje.

"Kwa kichwa anaitikia kila kitu, hata ukimwambia mvua imenyesha na jua linawaka," alisema. "Ila mkono wa kushoto haudanganyi. Akitaka uji anaonyesha uji. Karatasi yetu ipo lakini?"

"Ipo, mama. Ile pale juu kulia."

Akasogea, akakigusa kioo kwa ncha ya kidole kama mtu anayegusa paji la mtoto mwenye homa. Akatabasamu, akaniachia karoti sita.

Leo mchana nilitaka kuichapa mapema ili kesho isiwe na purukushani. Nikabofya mara mbili. Katochi kadogo kakatokea kwenye kioo, kakawa kanamulika huku na huku, kakitafuta. Halafu kakazimika, na kompyuta ikaniambia hakuna kitu. Nikabofya cha jirani yake. Katochi. Nikabofya cha Mponde. Katochi.

Ndipo nikaelewa. Nilihamisha njia, nyumba nikaziacha: vipicha ninavyo, barua zenyewe zilibaki kwenye mashine ya zamani.

Nilimpigia fundi simu. "Dada, ile mashine nimeshaifuta yote, nikaweka Windows upya," alisema. "Ipo Korogwe kwa mwalimu mmoja, anaitumia tangu wiki jana." Alisema kwa upole, wala hakujua amesema nini. Barua za wengine nina nakala zake za karatasi kwenye faili. Ya mzee peke yake haina, kwa sababu niliitii kauli yake.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliogopa zaidi.

Saa tisa nilifunga mlango, nikakaa, nikaanza kuiandika upya kutoka kichwani. Naikumbuka vizuri sana. Nasikia hata alivyokuwa akikohoa kati ya sale na sale. Niliandika kurasa mbili na nikaanza kupumua. Mzee ataitikia kwa kichwa, atatia dole, hakuna atakayejua. Nilishachagua hata herufi zilezile.

Halafu nikafika kwenye mfereji. Sehemu ya Bi Halima inaishia kwenye mfereji, au inavuka mfereji mpaka mtoni? Kipande kile cha kati ndicho kinachotoa kabichi na karoti mwaka mzima. Zile karoti sita zimetoka hapo. Nilifumba macho nikamtafuta mzee na sauti yake, na kila nilipomsikia alisema jambo tofauti. Mara alisema mfereji, mara alisema mto.

Nikaona kwamba nilikuwa karibu kugawa shamba la mtu mimi mwenyewe. Na yeye angeitikia.

Nimefuta zote mbili. Safari hii nilijua ninachofuta.

Mama alipita kuniletea maharage, akaniona uso. Nikamweleza. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alisema tu, "Mficha uchi hazai," akafunika bakuli akaondoka.

Naogopa wana wa mke mkubwa watakaposikia hakuna karatasi. Naogopa jina la duka langu kusemwa gulioni. Lakini hofu yote hiyo nikiiweka pamoja haifiki ile ya kidole cha Bi Halima kwenye kioo.

Kwa hiyo kesho nafunga duka. Nitawaambia wote pale barabarani, wazee, mtendaji na wana, kabla hawajamteremsha mzee. Nitawaomba nipande nao gari lilelile kurudi Mlola. Abebwe kwenye kiti mpaka shambani, tuuzunguke mpaka sale kwa sale, naye aonyeshe kwa mkono wa kushoto. Nitaandika kwa kalamu, mbele ya macho yao. Wanaweza kukataa. Wanaweza kunifukuza. Sijui.

Kipicha chake bado kipo juu kulia. Nimeshindwa kukifuta.

Nimejaribu kupanga maneno nitakayoanza nayo na yote yananikimbia, isipokuwa moja. Gari likisimama nitakwenda dirishani kwa mzee, nitapiga goti kidogo, nitasema shikamoo. Nitangoja, ingawa najua marahaba haitatoka. Halafu nitamwambia nimepoteza maneno yake.