Ndiva Yetu Imeingia Kwenye Ramani

Marahaba, mjukuu wangu Nakijwa. Huku Same hatujambo. Mama yako amevuna maharage, na jogoo wako bado mkorofi.

Unauliza kwa nini nilipiga vigelegele halmashauri ilipopanua eneo la kihistoria kutoka maduka ya zamani hadi kwenye ndiva, bwawa letu la kumwagilia. Unasema shimo la tope lingefukiwa, ijengwe gesti.

Nilipokuwa msichana, baragumu likilia twende msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tulikwenda wote kukanyaga udongo wa kuziba kuta zake, tukiimba. Tope lilitufanya rangi moja, usimjue mtoto wa tajiri. Kijana mmoja alizama hadi magotini, nikamvuta huku nacheka. Aliponawa uso, nikaacha kucheka.

Ndiye babu yako. Bila shimo hilo, wewe ungetokea wapi?

Bibi yako