Moyo wa Kiangazi

Bwera, 4 Machi 2025

Mwanangu Feresita,

Natumaini huko Gulu mmeamka salama, wewe na huyo uliyembeba tumboni. Mimi natembea, ila chakula nakionea woga.

Picha za CT zimerudi. Wanakudunga mkononi dawa ya kung'arisha picha, wanahesabu sekunde kwa saa, kisha mashine inapiga. Zangu ni hafifu. Daktari hawezi kuona kama saratani imevuka ukuta wa tumbo au la. Ikiwa imevuka, kisu hakitanifaa, naye hakati kwa kubahatisha.

Miaka sabini na mitatu yanitosha. Nitabaki hapa na shamba langu la kahawa.

Baba yako, Maate

Gulu, 9 Machi

Baba mpendwa,

Sisi wazima, ila barua yako imeninyima usingizi. Waliuliza habari za moyo wako? Ukajibu nini?

Umesahau mfereji wetu wa Bugoye? Ulikataza watu kugeuza maji kwenda shamba jingine kwa kutazama saa. Ulisema maji ya kiangazi hayana haraka. Ukanisimamisha mwisho wa mfereji, nipaze sauti: "Yamefika!" Moyo wako sasa ni mfereji wa kiangazi, Baba: unasukuma damu polepole, na dawa huchelewa kufika. Iko hospitali Mbarara ambako mashine huchungulia mshipa mkuu wa damu mpaka dawa ionekane, ndipo ipige. Nimekuandikisha tarehe 20. Nenda na njaa. Shangazi Vasta asikulishe bundu, ule ugali wake wa muhogo, eti msafiri haondoki na tumbo tupu!

Binti yako, Feresita

Bwera, 27 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu kwa shukrani nisizoweza kuzimaliza. Vasta naye mzima, ila amenuna kwa ajili ya bundu lake.

Ni kweli waliniuliza. Nikajibu, "Moyo uko sawa tu." Mzee atalalamikaje mbele ya vijana? Safari hii nilimwambia Lanyero, binti wa mashine, yote: vidonge vya moyo, miguu inayovimba. Akacheka: "Mzee, ungenificha, tungepiga picha bure tu!" Nikanywa maji ili tumbo litanuke. Dawa yangu ilichelewa sana, naye akaingoja. Sikiliza nikueleze: picha ya kwanza hupigwa mapema, ukuta wa tumbo unapoanza kung'aa kwa ndani. Ya pili hufuata baadaye kidogo, uvimbe ukiwa umekunywa dawa, na ini huonekana vizuri. Saa peke yake humfaa mwenye moyo mwepesi.

Kwa picha hizi, saratani haijavuka ukuta. Tumbo likifunguliwa ndipo daktari atajua hasa. Watanipasua huko Mbarara tarehe 14 Aprili. Usisafiri na mimba hiyo. Wala usimpigie Vasta simu, atalia akutishe bure. Nitakuandikia kwa mkono wangu. Nikikawia, usihesabu siku.

Baba yako, Maate

Gulu, 22 Aprili

Baba,

Mtoto amezaliwa salama, wa kiume. Sijampa jina. Nimesimama mwisho wa mfereji.

Feresita

Mbarara, 25 Aprili

Mwanangu,

Naandika machache, nitaeleza siku nyingine. Saratani haikuwa imevuka ukuta. Wameikata. Leo nimekunywa uji nusu kikombe, ukatulia.

Yamefika!

Babu yake, Maate