Simu ya Marekani

Chilangala, Newala

Kaka Alfredi,

Shikamoo. Mikorosho imechanua vizuri, nasi tuliobaki ni wazima.

Simu uliyomtumia Mama haikushika mtandao hata tulipobadilisha laini. Nikaipeleka kwa fundi mjini Masasi. "Dada, simu ni nzima," akasema, "ila masafa yake ni ya minara ya Marekani. Minara yetu hutumia masafa mengine, kwa hiyo hapa haitashika kamwe."

Nilipomweleza Mama, akiwa hoi kitandani, alisema, "Basi mwandikie aje mwenyewe."

Nilikuandikia. Ukajibu kwamba kazi zimekubana, utatuma simu nyingine.

Mama tumemzika Jumanne. Simu hiyo usiitume. Aliyetaka kuisikia sauti yako hayupo.

Mdogo wako,
Severina